Keria Kwanza, Begi Baadaye: Mafunzo Niliyopata Kuhusu Mizigo ya Pikipiki

Jijini Nairobi, ukitoka mtaa wa Mbotela ukashika Jogoo Road, ukapita City Stadium na kuingia Landhies Road, utakuwa karibu na mafundi wote unaowahitaji ili pikipiki ibebe mzigo wa safari ndefu. Gikomba kuna mabegi ya mitumba, Kamukunji kuna wafua bati, na ukisonga hadi Kirinyaga Road utapata spea. Pikipiki yangu ni ya cc 150, sawa na zile zinazobeba abiria kwenye steji za Eastlands. Imenifikisha Marsabit, Moyale na ufuo wa Ziwa Turkana, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Keria huvunjika kabla ya begi.

Wanaopanga safari huniuliza wanunue begi gani. Mimi huwauliza keria yao imefungwa wapi. Kati ya Isiolo na Moyale sasa ni lami, zaidi ya kilomita 500, na hapo karibu mzigo wowote utafika. Lakini chepuka Marsabit uelekee North Horr kupitia jangwa la Chalbi, au shuka kutoka Maralal kupitia Baragoi hadi Loiyangalani. Mawe na matuta madogo yaliyofuatana hutikisa fremu saa baada ya saa, na pale keria ilipochomelewa huanza kuonekana ufa mwembamba. Hata begi liwe la bei ghali, litaanguka pamoja na chuma kilicholibeba.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwa keria. Iwe ya chuma, iwe na mshikizo wa mshazari unaoteremka hadi kwenye kikanyagio cha abiria, na iwe na pau inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia nyuma ya nambari ya usajili. Pau hiyo mafundi wengi huiruka kwa sababu haionekani kuwa na kazi. Usikubali. Bila pau hiyo, kila upande hucheza peke yake hadi uchoke. Nati ziwe zile zenye plastiki ndani, zisizolegea kwa mtikisiko, na kila jioni zikaguliwe kwa mkono.

2. Nunua kitu kitakachotengenezeka pale kitakapoharibikia.

Wasafiri wanaovuka Afrika kwa pikipiki kubwa, ambao wengi wao hupumzika kwenye kambi ya Jungle Junction kule Karen, huja na masanduku ya alumini. Ni mazuri, na ni mepesi kweli. Chukua sanduku la sentimita 40 kwa 35 kwa 20, linalomeza lita 28. Likitengenezwa kwa alumini ya milimita 1.5, bati lake litakuwa na kilo mbili na kitu. Likitengenezwa kwa chuma cha geji 18, litakaribia kilo tano na nusu. Ukizidisha kwa masanduku mawili, tofauti inapita kilo sita, na pikipiki ndogo itazihisi mlimani.

Hata hivyo, nachagua chuma. Alumini huhitaji mashine maalum na gesi ili ichomelewe vizuri. Chuma huchomelewa na fundi yeyote wa geti na madirisha, na fundi huyo yuko Maralal, yuko Marsabit, yuko karibu kila kituo chenye umeme au jenereta.

Mafundi wa Kamukunji hufua masanduku ya bati ambayo wanafunzi hubeba kwenda shule za bweni. Yale yaliyo tayari ni mepesi mno kwa kazi hii. Agiza lako: bati nene, kingo zilizokunjwa badala ya kuunganishwa ncha kwa ncha, bawaba za bolti, na mpira wa kuzuia maji chini ya kifuniko. Ndani tandika kipande cha godoro, kwa maana vitu vikisuguana na bati siku nzima, hata kopo la maziwa hutoboka.

3. Kwenye mchanga, sanduku gumu ni hatari kwa mguu.

Gurudumu likizama, mguu hushuka wenyewe kusaidia. Pikipiki inaendelea mbele, na kona ya sanduku inaufuata mguu kwa nyuma. Watu wamevunjika hivyo. Mimi hutumia sanduku lenye kufuli kwa Mombasa au Kampala, na begi laini kwa kaskazini.

4. Turubai la lori halina mpinzani kwa begi laini.

Mafundi wanaoshona viti vya matatu wana cherehani zinazopenya tabaka kadhaa, na turubai wanalijua. Waambie watumie uzi wa nailoni, kwani wa pamba huoza. Mdomo wa begi uwe wa kukunja mara tatu na kufunga kwa bakli. Usiweke zipu, maana vumbi la Chalbi huila. Maji yataingia kwenye matundu ya sindano hata fundi awe hodari vipi, kwa hiyo nguo zikae kwenye mfuko mwingine mzito wa plastiki. Upande wa silensa weka ngao ya bati yenye nafasi ya hewa, la sivyo turubai litayeyuka.

5. Blada ni msaidizi tu.

Kamba hizi za mpira wa tyubu hufunga kila kitu Nairobi, na naziheshimu. Lakini jua huzipasua, na ncha iliyolegea ikiingia kwenye cheni utaanguka. Mzigo mkuu ufungwe kwa mikanda yenye bakli.

6. Uzito ukae chini, mbele, na karibu.

Spana, tyubu na maji viende chini kabisa, karibu na magoti ya abiria ambaye hukumbeba. Lita kumi za maji ni kilo kumi. Zikipanda juu ya keria, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hupoteza shabaha. Karibu na Loiyangalani kumesimamishwa mitambo 365 ya umeme wa upepo, na ukifika huko utaelewa sababu: upepo hupiga kwa ubavu, na mzigo mpana au mrefu humsukuma mwendeshaji nje ya njia. Kabla ya kufunga chochote, soma kitabu cha pikipiki ujue kikomo cha uzito inaoruhusiwa kubeba, kisha anza kwa kutoa uzito wako mwenyewe. Kinachobaki ndicho mzigo wako wote, pamoja na sanduku, keria na maji.