Meseji Mia Tatu Asubuhi: Ni Ipi Inahusu Pesa Yako?

Umechukua simu yako pale kwa kibanda cha kuchaji, hapa Remba. Ukiiwasha tu, inaanza kutetemeka bila kupumua: grupu la chama, la wachuuzi wa omena, la ukoo, la kanisa, la wazazi wa shule, na lile la mpira ambalo hata hukumbuki ni nani alikuingiza. Meseji mia tatu na ushei. Boti ya Mbita iko karibu kuondoka. Unafanya nini?

Wengi wetu tunasoma zile tano za mwisho, basi. Walaghai nao wanajua hivyo.

Tuseme mweka hazina wa chama aliandika alfajiri: mchango wa leo utumwe kwa namba ile ya kawaida. Baadaye zikaingia "hongera" arobaini, picha za harusi na mabishano ya mechi. Chini kabisa, mwanachama unayemjua vizuri anasema namba ya mweka hazina ina shida, tumeni kwa hii. Jina ni lake, picha ni yake. Lakini jana mtu alimpigia akamwomba ile kodi ya tarakimu sita iliyoingia kwa simu yake, akaitoa, na sasa akaunti yake ya WhatsApp iko mikononi mwa mtu mwingine. Wewe ulisoma ya mwisho pekee, ukatuma.

Dawa si kusoma haraka zaidi. Grupu moja la WhatsApp linaweza kuwa na watu 1,024. Hakuna macho ya kumaliza hayo yote. Tenga magrupu yenye pesa na yasiyo na pesa. Yenye pesa hayazidi mawili matatu: yabandike juu kabisa na uache sauti yake. Mengine yote nyamazisha, kwa saa 8, wiki moja au daima. Hakuna mwanagrupu atakayejua umenyamazisha. (Kutoka kabisa kwa grupu la ukoo ni kesi nyingine, hiyo hatuingilii.) Zima pia picha na video kujipakua zenyewe. Bando unanunua, chaji unalipia, ya nini kuvimaliza kwa video ya mtu akianguka matopeni?

Wachuuzi wa omena mnaweza hata kufuata mwezi. Usiku wa giza ndio wavuvi wanatoka na taa, kwa hivyo alfajiri bei ziko motomoto na grupu la ufuoni lazima ulisikie. Mwezi ukiwa mkubwa, kazi inapungua na grupu linageuka kuwa la vichekesho. Linyamazishe wiki hiyo, ulale.

Sasa lililo kubwa: namba ya kulipa usiitoe kwenye grupu. Hifadhi ya mweka hazina kwenye simu yako. Ukiona imebadilika, mpigie simu ya kawaida, si kupitia WhatsApp, kwa namba unayoijua tangu zamani. Uisikie sauti yake. Jina la mpokeaji likitokea kabla hujakamilisha, lisome lote. Si jina ulilotarajia? Achana nayo. Na kama umeshatuma, tupigie huduma kwa wateja papo hapo, usingoje kwanza maoni ya grupu, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha.

Kama mweka hazina ni wewe, usiandike namba ya malipo katikati ya hongera. Iandike mara moja, ibandike juu ya grupu, kisha mwombe admini aunde grupu dogo la michango tu, ambalo ni maadmini pekee wanaoandika. Halafu washa ile namba ya siri ya pili ya WhatsApp, leo, kabla ya mkutano. Dakika mbili zinatosha.