Mdudu Ameondoka, Vinasaba Vyake Vimebaki Kwenye Ua

Ukiingia shambani asubuhi kukagua maua ya maboga, utawakuta nyuki wawili watatu. Nondo aliyepita usiku humwoni, wala nyigu aliyetua kidogo akaenda zake. Hata hivyo, mdudu anayegusa mmea huacha kitu: mate pale alipotafuna, kinyesi, au magamba ya mbawa. Ndani ya mabaki hayo mna vinasaba, yaani DNA, na maabara ikivisoma inaweza kumtambua aliyeviacha. Vinasaba vinavyookotwa hivyo, bila kumkamata mwenyewe, huitwa vinasaba vya mazingira.

Vimeonyesha nini?

Mwaka 2019, Philip Francis Thomsen na Eva Egelyng Sigsgaard walichapisha utafiti wa maua-pori 50 ya aina saba za mimea nchini Denmark. Walikuta vinasaba vya spishi zisizopungua 135 za wadudu na jamaa zao kama buibui: wachavushaji, walaji wa mimea, na hata wawindaji wa wadudu wenzao.

Mwaka 2022, Henrik Krehenwinkel wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, na wenzake walipima majani makavu ya chai na mitishamba ya dukani, ukiwemo mnanaa. Humo mlikuwa na alama za spishi zaidi ya 1,000 za wadudu na jamaa zao. Mnywaji wa chai asishtuke: hizo ni chembe zisizoonekana kwa macho. Funzo ni kwamba mmea uliokaushwa vizuri na kuwekwa mbali na jua huvihifadhi vinasaba.

Namna ya kukusanya sampuli

1. Pata kibali kwanza. Tanzania vibali vya utafiti hutolewa na COSTECH, Kenya na NACOSTI. Kupeleka sampuli nje ya nchi kuna taratibu zake.

2. Chagua siku kavu. Mvua huosha vinasaba na jua kali huvivunja, kwa hiyo ua husimulia habari za karibuni tu, si za msimu mzima.

3. Badilisha glavu kila unapohamia ua jingine, na usafishe mkasi kwa dawa ya klorini. Usipofanya hivyo, mgeni wa ua la kwanza ataonekana kama alitembelea la pili.

4. Tia kila ua kwenye bahasha yake, pamoja na chembe za silika kama zile za kwenye boksi la viatu vipya, likauke haraka. Andika aina ya mmea, mahali, tarehe na saa.

5. Beba bahasha moja tupu. Ifungue shambani, uifunge bila kutia kitu. Maabara ikikuta humo vinasaba vya wadudu, ujue uchafu umeingia njiani.

Maabara hutoa vinasaba kwenye ua, huzidisha nakala za kipande kifupi kinachotofautiana kati ya spishi na spishi, kisha hukilinganisha na maktaba ya vinasaba kwenye kompyuta.

Usisome kupita kilichoandikwa

Orodha ya majina inayotoka maabara haisemi mdudu alikuja kufanya nini: kuchavusha, kutafuna, kutaga au kupumzika tu. Haisemi pia walikuwa wangapi. Vinasaba vingine huletwa na upepo, au na kinyesi cha buibui aliyekula nzi mahali pengine. Na spishi isiyokuwemo katika maktaba haiwezi kutajwa; wadudu wengi wa nchi za joto bado hawamo.

Kwa hiyo kabla ya kuchuma, kaa mbele ya maua dakika 15, uandike nani ametua na amefanya nini. Chukua sampuli kwenye ua la boga, chukua nyingine kwenye magugu yanayochanua kingoni mwa shamba. Ikiwa nyuki uliyemwona akibeba chavua ya boga anatokea pia katika orodha ya magugu, umepata sababu ya kufikiri mara mbili kabla ya kuyapulizia dawa: huenda ndiyo yanayomlisha maboga yako yasipokuwa na maua.