Lugha, Jamii na Utambulisho wa Mtoto katika Hadithi za Njamba Nene

Wahakiki wanapomjadili Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025), aghalabu hukimbilia riwaya na tamthilia zake, wakazipa kisogo hadithi tatu alizowaandikia watoto kwa lugha ya Gĩkũyũ: Njamba Nene na Mbaathi ĩ Mathagu (1982), Bathitoora ya Njamba Nene (1984) na Njamba Nene na Cibũ Kĩng'ang'i (1986). Hasara ya kuzipuuza si ndogo. Hoja ya lugha aliyoifafanua kinadharia katika Decolonising the Mind mwaka 1986 alikuwa ameshamtwika mwanafunzi wa shule ya msingi, na kwa mtoto huyo nguvu ya hoja hiyo na udhaifu wake huonekana bayana zaidi.

Usuli wa hadithi hizi ni maisha ya mwandishi mwenyewe huko Limuru. Baada ya hali ya hatari kutangazwa mnamo Oktoba 1952, shule za kujitegemea za Wagĩkũyũ zilifungwa au zikatwaliwa na serikali ya kikoloni, na Kiingereza kikatamalaki darasani. Ngũgĩ anasimulia kuwa aliyenaswa akisema Gĩkũyũ alichapwa viboko, au alivishwa shingoni kibao cha kumfedhehesha. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni namna wakosaji walivyonaswa. Mwanafunzi mmoja alikabidhiwa kifungo cha nguo asubuhi, naye akampa yeyote aliyemsikia akitumia lugha ya nyumbani. Huyo naye akamtafuta mwenziwe. Jioni, wa mwisho kushika kifungo alimtaja aliyempa, na mnyororo wote ukafichuka. Adhabu hiyo, basi, haikuwa ya ulimi pekee. Ilimfundisha mtoto kumvizia jirani yake. Lugha na jamii zilivunjwa kwa nyundo moja.

Hadithi ya kwanza inajaribu kuunga kilichovunjwa. Njamba Nene, ambaye jina lake ni sawa na kusema Shujaa Mkuu, ni mtoto maskini anayechekwa shuleni kwa sababu ya ufukara na lugha yake. Anayesifiwa ni John Bull, hodari wa mambo ya Ulaya. Basi lao linaota mabawa na kuruka, kisha watoto wanajikuta wamepotea mwituni. Huko mizani inapinduka. Maarifa ya kukariri hayamwonyeshi mtu njia wala chakula, ilhali Njamba Nene anakumbuka mafunzo ya mama yake, Wacu.

Msomaji mwepesi atasema: mwacha mila ni mtumwa, kisha afunge kitabu. Methali hiyo haitoshi hapa. Kinachomwokoa Njamba Nene si sauti za Gĩkũyũ kwa kuwa ni za Gĩkũyũ, bali ni kuwa lugha hiyo alipewa na mtu anayempenda, ikiwa imebeba kazi: kutambua mmea, kuvumilia, kugawana. Isitoshe, maarifa hayo hayamfanyi awaache waliomcheka. Utambulisho wake unathibitika pale anapowajibika kwa wenzake. Katika hadithi ya pili wajibu huo unapanuka. Mtoto anatumwa kupeleka mkate uliofichwa bastola ndani kwa Jenerali Ruheni wa Mau Mau, na kuwa mmoja wa jamii sasa ni kuaminiwa siri ambayo yaweza kumwua. Kifungo cha shuleni kilimzawadia mtoto kwa kusaliti. Mkate unamtaka anyamaze. Hapana kinyume kilicho kamili zaidi ya hiki katika hadithi zote mbili.

Hata hivyo, kasoro zipo. Jina John Bull linamaliza ubishi kabla haujaanza, kwani huyo ni nembo ya Uingereza wala si mtoto mwenye hofu na haya. Njamba Nene naye anaingia hadithini akiwa ameshakamilika. Mwitu unamthibitisha tu, haumwumbi. Msomaji wa miaka 8 hadi 12, ambaye bado anajitafuta, angenufaika zaidi na shujaa anayeyumba. Pia kuna kinaya ambacho si kosa la mwandishi: wengi wa wasomaji nje ya Gĩkũyũ walizijua hadithi hizi kwa Kiingereza, kupitia tafsiri za Wangũi wa Goro zilizoanza kuchapishwa 1986.

Swali gumu zaidi linatoka nje ya matini. Wacu ana lugha moja ya kumrithisha mwanawe. Mtoto wa Eastlands, Nairobi, ambaye mama yake ni Mluhya na baba yake Mkamba, ambaye nyumbani husema Kiswahili na uwanjani Sheng, atarithi ipi? Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini katiba haimlei mtoto. Kwa kipimo cha hadithi hizi, lugha yake ni ile ambayo kwayo ametumwa, ameonywa na kuaminiwa siri. Kwa wengi wa watoto hao lugha hiyo ni Kiswahili, tena si kile sanifu cha mitihani. Mwandishi wa Kiswahili anayemtungia mtoto huyo akimsahihisha kila anapofumbua kinywa, anamrudishia kile kifungo cha Limuru mkononi, safari hii kikiwa na chapa ya Kiswahili.