Rangi Ifuate Habari

Wengi wetu tunaojifunza kuandika programu za kompyuta hudhani rangi ni pambo tu. Sivyo. Rangi ni neno analoambiwa mtazamaji, nayo ikisema uwongo mtu hudhurika.

Tuchukue mfano wa bohari ya dawa ya zahanati. Twataka mstari wa kila dawa uwe mwekundu makopo yakiwa chini ya 10. Lakini hesabu hubadilika katika njia nyingi: dawa hutolewa, hupokewa, tena husahihishwa wakati wa kuhesabu. Mwanafunzi anayeanza huandika amri ya kupaka rangi katika kila njia. Akisahau moja tu, makopo yatabaki 3 na mstari ungali mweupe, wala mganga hataagiza mengine.

WPF ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2006, yatupa njia bora: kufunga sifa ya kitu kinachoonekana kwa sifa ya kitu chenye habari. Kitu chetu, Dawa, kina sifa mbili. Ya kwanza ni Idadi. Ya pili ni Imepungua, nayo huwa kweli Idadi ikiwa chini ya 10. Kisha katika maandishi ya XAML, yanayochora ukurasa, twaandika mara moja tu ndani ya mtindo wa mstari: Imepungua ikiwa kweli, rangi ya nyuma iwe nyekundu.

Yako masharti mawili. Kwanza, kitu Dawa lazima kipige mbiu kinapobadilika, kwa kutimiza INotifyPropertyChanged. Idadi ikibadilika, kitangaze jina la Imepungua pia. La sivyo skrini haitapata habari. Pili, usiandike rangi ya nyuma juu ya mstari wenyewe, kwa maana rangi iliyoandikwa hapo huushinda mtindo, na wekundu hautaonekana kamwe.

Angalieni tena kwamba Dawa haina sifa ya rangi. Yajua tu kuwa imepungua. Kwa hiyo ukurasa waweza kuongezewa neno AGIZA, kwa ajili ya mtu asiyepambanua nyekundu na kijani, bila kuigusa hesabu hata kidogo.

Zoezi: ongezeni sifa ya tatu, Imekwisha, na mstari wake uwe wa kijivu. Je, Idadi itangaze majina mangapi?