Bei ya Urani: Kwa Nini Namtumbo Ilisubiri Miaka Kumi na Miwili

Leseni ya kuchimba urani katika eneo la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo mkoani Ruvuma, ilitolewa mwaka 2013. Kiwanda alichozindua Rais Samia Suluhu Hassan Julai 2025 ni cha majaribio tu. Kati ya tarehe hizo mbili bei ya madini hayo iliporomoka, ikalala, kisha ikaamka. Anayefikiria kutia fedha zake kwenye urani ana mengi ya kujifunza kutokana na kungoja huko. Haya ndiyo maswali ambayo wawekezaji huuliza, na majibu yake.

Bei ya urani hupangwa wapi?

Urani haiuzwi kama dhahabu au kahawa, ambazo bei yake husomwa kila asubuhi. Kampuni ya umeme na kampuni ya madini huketi zikaandikiana mkataba wa miaka kadhaa, hata kumi, na masharti mengi hubaki siri yao. Sehemu ndogo tu huuzwa papo kwa papo. Bei ya mauzo hayo hukadiriwa na kampuni za ushauri kama UxC na TradeTech, na hutajwa kwa ratili moja, yaani gramu 450 hivi, ya unga wa oksidi ya urani.

Kwa kuwa soko la papo kwa papo ni dogo, mnunuzi mmoja mwenye fedha anaweza kulitikisa. Mwaka 2021 mfuko wa Sprott wa Kanada ulianza kununua urani na kuiweka ghalani tu, bila nia ya kuichoma. Sasa unamiliki zaidi ya ratili milioni 60.

Nani anaitumia?

Vinu vya nyuklia vipatavyo 440, katika nchi 30 hivi, vinahitaji karibu tani 67,000 kwa mwaka. Marekani ina vingi kuliko nchi zote, zaidi ya 90. China ndiyo inayojenga kwa kasi kubwa. Katika Ghuba, vinu vinne vya Barakah huko Abu Dhabi vyote vinazalisha umeme tangu 2024. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Dubai, Desemba 2023, zaidi ya nchi 20 ziliahidi kufanya kazi ya kuongeza umeme wa nyuklia mara tatu ifikapo 2050. Kampuni za kompyuta nazo zimeingia: Septemba 2024 Microsoft ilikubali kununua kwa miaka 20 umeme wa kinu kitakachofufuliwa Three Mile Island, Pennsylvania.

Mwenye jenereta huizima dizeli ikipanda bei. Mwenye kinu cha nyuklia hawezi kufanya hivyo kirahisi. Fedha nyingi zilikwisha kumezwa na ujenzi, na urani ni sehemu ndogo ya gharama zake. Hivyo bei ikipanda maradufu, bado atanunua.

Kama ni hivyo, mbona bei ililala miaka mingi?

Jibu linaanzia kwenye ajali ya vinu vya Fukushima, Japani, tarehe 11 Machi 2011. Nchi hiyo ilizima vinu vyake vyote, na urani iliyokuwa imekusudiwa kwa ajili yake ikarundikana. Mwisho wa 2016 ratili moja ilikuwa inauzwa kwa dola 18 hivi, chini ya gharama ya kuichimba katika migodi mingi.

Migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine: Kayelekera wa Karonga, Malawi, mwaka 2014, Langer Heinrich wa Namibia na McArthur River wa Kanada mwaka 2018. Mradi wa Mto Mkuju nao ukawekwa kando kabla ya kuzalisha chochote cha kuuza.

Ni nini kilichoiamsha?

Akiba zilipungua huku migodi ikibaki nyuma. Mwaka 2022 migodi yote duniani ilitoa karibu tani 49,000 tu.

Kisha yakaja matatizo ya wauzaji. Kazakhstan, inayotoa takriban asilimia 40 ya urani ya dunia, haichimbi mashimo. Hupitisha asidi ya salfuriki ardhini, ikayeyusha madini, kisha ikayavuta juu kwa pampu. Asidi ilipokuwa adimu, kampuni ya taifa ya Kazatomprom ilipunguza makadirio yake. Serikali ya Niger ilipinduliwa Julai 2023, na Juni 2025 serikali mpya ikatangaza kutaifisha mgodi wa Somaïr uliokuwa ukiendeshwa na Orano ya Ufaransa. Mei 2024 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia urani iliyorutubishwa, yaani iliyoongezewa nguvu ili itumike vinuni, kutoka Urusi, nchi yenye zaidi ya asilimia 40 ya uwezo wa urutubishaji duniani.

Hata kabla ya sheria hiyo, Januari 2024, ratili ilivuka dola 100, kwa mara ya kwanza tangu 2007.

Mbona ilishuka tena?

Machi 2025 bei ya papo kwa papo ilikuwa imerudi dola 64 hivi. Hata hivyo bei ya mikataba ya muda mrefu ilibaki karibu na dola 80. Tofauti hiyo ndiyo ya kufuatilia, kwa sababu wenye vinu hununua mahitaji yao mengi kwa mikataba.

Kisa cha Cigar Lake, Kanada, kinafaa kukumbukwa. Mgodi huo ulifurika maji Oktoba 2006 ukiwa bado unajengwa, na hofu ya upungufu ikasaidia kupandisha bei hadi dola 136 Juni 2007. Ulipoanza kutoa urani mwaka 2014, bei ilikuwa imeanguka vibaya. Leo pia McArthur River, Langer Heinrich na Kayelekera imefunguliwa tena, na ajali moja ya kinu popote inaweza kubadili hesabu zote.

Mtu wa kawaida anawekeza vipi?

Hawezi kuweka urani nyumbani. Sheria za kimataifa zinaibana. Anaweza kununua hisa za wachimbaji kama Cameco huko Toronto na New York, au Kazatomprom huko London. Njia nyingine ni mifuko inayomiliki madini yenyewe, kama Sprott au Yellow Cake ya London. Hisa za wachimbaji mara nyingi huyumba kuliko madini yenyewe, na za mfuko zinaweza kuuzwa chini ya thamani ya urani iliyo ghalani.

Na Namtumbo je?

Mradi unaendeshwa na Mantra Tanzania, iliyo chini ya Uranium One ya shirika la Urusi, Rosatom, kwa hiyo hisa zake hazipatikani katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mpango uliotangazwa ni kiwanda kikubwa kuanza kazi mwaka 2029, kikiwa na uwezo wa hadi tani 3,000 kwa mwaka. Bei ya leo imetosha kufungua kiwanda cha majaribio. Hicho kikubwa kitauza kwa bei ya 2029 na baada yake, na wenye vinu wameshaanza kuijadili kwenye mikataba wanayoandika sasa.