Tuitunze Kamera Yetu: Mafunzo Niliyoyapata kwa Fundi

Mhariri aliponiomba makala ya mafunzo, wenzangu walikuwa tayari wamegawana ngeli, methali na tamathali za usemi. Mimi nimechagua kamera. Msinicheke. Picha zote mnazoziona katika jarida hili zimepigwa kwa kamera moja tu, ile ya chama, na mimi nusura niiue. Afadhali nilieleze kosa langu ili atakayeishika baada yangu asilirudie.

KISA CHENYEWE

Ilikuwa mwaka 2024, nikiwa kidato cha pili. Mwishoni mwa muhula wa kwanza chama chetu kilizuru Fort Jesus kule Mombasa, na mimi ndiye niliyekuwa mpiga picha. Tuliporudi garini manyunyu yalitunyeshea. Mkoba wa ngozi wa kamera ukalowa. Nilipofika shuleni nilikuwa na haraka ya kufunga virago, basi nikaitumbukiza kamera humo humo, nikafunga kabati la chama, nikaenda zangu nyumbani.

Mnakumbuka likizo ile. Mvua za masika zilileta mafuriko nchini, ufunguzi wa shule ukaahirishwa hadi Mei 13. Kamera ilikaa mwezi mzima gizani ndani ya ngozi iliyolowa.

Juma lile la kufungua tulimuaga Mzee wetu wa jikoni aliyekuwa anastaafu. Nikapewa kamera nimpige picha. Sikuitazama lenzi hata kidogo. Nilipiga tu, kacha kacha, watu wakapiga makofi. Jioni tulipozifungua picha katika kompyuta, kumbe! Zote zilikuwa na weupe juu yake, Mzee akaonekana kama mtu aliyesimama nyuma ya moshi wa kuni zake. Naye alikuwa ameshaondoka kwenda kwao, mbali. Hakukuwa na nafasi ya kurudia.

Nikaitoa lenzi nikaielekeza kwenye taa. Ndani mlikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba kama utando wa buibui. Badala ya kumwambia Mwalimu, nikaogopa. Kwanza nikasugua kioo kwa pindo la shati langu. Nyuzi zile hazikuondoka, manake zilikuwa upande wa ndani, ila mikwaruzo mipya ndiyo niliyoipata. Usiku nikaazima bisibisi bwenini nikajaribu kuifungua. Parafujo ya kwanza ikalika kichwa. Nashukuru kengele ya kulala ililia kabla sijafika ya pili.

Asubuhi nilikwenda kwa Mwalimu mlezi nikamweleza yote. Hakunikaripia. Jumamosi alinipeleka Mombasa kwa fundi mmoja mzee anayetengeneza kamera tangu enzi za filamu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani kaitia bisibisi lenzi hii?"

Nikatazama chini. "Ni mimi, Mzee."

"Bora umesema. Keti hapa utazame."

Haya ninayowaandikia ni yale niliyoyaona na kuyasikia siku ile, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye.

1. KAMERA YA DIJITALI NI NINI?

Kamera ya kwanza ya dijitali iliyojitegemea ilitengenezwa mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, Marekani. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuhifadhiwa katika kanda ya kaseti. Leo mambo yamebadilika, lakini kanuni ni ile ile. Mwanga hupita katika lenzi, shata hufunguka kwa muda mfupi sana, kisha mwanga huangukia bamba dogo linaloupokea na kuugeuza kuwa umeme. Bamba hilo limechukua nafasi ya filamu. Wengine huliita sensa, lakini sensa kwetu ni kuhesabu watu! Sisi tuliite kihisi.

Kamera yetu ni ya aina yenye kioo cha kujitazamia ndani, kinachoinuka kila unapobonyeza. Kwa hiyo adui anaweza kuingia mahali patatu: juu ya lenzi, ndani ya lenzi, na kwenye kihisi. Kila mahali pana dawa yake.

2. VUMBI JUU YA LENZI

Kosa la pindo la shati ni kosa la wengi. Mchanga ni mgumu kuliko utando mwembamba unaopakwa juu ya kioo cha lenzi ili kuzuia mng'ao. Ukisugua kabla ya kuondoa mchanga, unajipigia msasa wewe mwenyewe. Fundi alinifundisha mpango huu, na haubadiliki:

(a) Puliza kwanza. Tumia pampu ndogo ya mpira ya kubinya kwa mkono. Usipulize kwa mdomo, mate yataruka.
(b) Piga brashi laini isiyoguswa kwa vidole, kwani vidole vina mafuta.
(c) Ikiwa bado kuna alama, dondoshea tone moja la dawa ya lenzi kwenye kitambaa laini, kamwe usidondoshee kwenye lenzi, manake maji hupenya ukingoni. Futa taratibu kwa mduara kuanzia katikati kwenda nje.

Mara nyingi ukimaliza (a), huhitaji (b) wala (c). Fundi aliniambia kuwa lenzi nyingi zimeharibiwa na watu wanaopenda usafi kupita kiasi. Kivumbi kimoja juu ya lenzi hakionekani katika picha. Mkwaruzo haufutiki.

3. VUMBI KWENYE KIHISI

Hili ni tofauti. Ukiona doa jeusi linalokaa mahali pale pale katika kila picha, basi hilo liko kwenye kihisi. Ili kuhakikisha, weka tundu la lenzi liwe dogo, f/16 au f/22, kisha piga picha ya anga tupu au ukuta mweupe. Madoa yatajitokeza yenyewe. Kumbuka kwamba lenzi huipindua taswira, kwa hiyo doa lililo juu katika picha, vumbi lake liko chini ya kihisi.

Kamera nyingi siku hizi hujisafisha kwa kukitikisa kioo kilicho mbele ya kihisi. Olympus E-1 ya mwaka 2003 ndiyo iliyotangulia. Jaribu njia hiyo kwanza. Ikishindikana, chagua katika menyu hali ya kusafisha ili kioo cha kujitazamia kiinuke, elekeza mdomo wa kamera chini, upulize kwa pampu bila kuigusisha ndani. Hakikisha betri imejaa! Ikizima katikati ya kazi, shata hujifunga na kioo hushuka. Pampu ikishindwa, wewe pia umefika mwisho. Mpelekee fundi.

Lakini kinga ni bora kuliko tiba. Hapa kwetu upepo wa kusi ukivuma hubeba mchanga wa ufukweni. Msibadilishe lenzi uwanjani. Ingieni darasani, zimeni kamera, elekezeni mdomo wake chini, mbadilishe upesi.

4. KUVU

Huyu ndiye adui aliyenipata mimi. Kuvu ni viumbe vya jamii moja na vile vinavyoota juu ya mkate uliolala. Hupenda giza, hewa iliyotulia na unyevu. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 kwa muda mrefu, mbegu zake ndogo zisizoonekana huanza kuota, na hapa pwani unyevu hupita kiwango hicho karibu siku zote. Ngozi ya mkoba hushika maji. Kumbe mkoba niliodhani unailinda kamera ndio uliokuwa shamba la kuvu!

Ubaya wake hauishii kwenye nyuzi. Kuvu hutoa asidi inayoula utando wa lenzi, na hata kioo chenyewe. Ikikaa sana, hata ukisafisha kovu hubaki.

Dawa yake ni hii. Hifadhi kamera katika sanduku la plastiki lenye mfuniko unaokaza, pamoja na vipakiti vya silika, zile punje zinazopatikana ndani ya maboksi ya viatu vipya. Kiwango kizuri cha unyevu ni kati ya asilimia 40 na 50. Kuna punje za buluu ambazo zikishiba maji hugeuka waridi. Zikifika hapo zikaushwe kwenye oveni, digrii 120 hivi kwa saa kadhaa. Sisi hutumia ile ya maabara ya kemia. Msizikaushie jikoni kwenye vyombo vya chakula. Tena msiifungie kamera muhula mzima. Kamera inayotumika hupata mwanga na hewa, na kuvu huchukia vyote viwili.

5. MAJI, BETRI NA KADI

Kamera ikilowa, usiiwashe kuona kama inafanya kazi. Toa betri papo hapo, toa kadi, ipanguse, iache mahali penye hewa pamoja na silika. Ati watu husema iwekwe ndani ya mchele! Mchele una vumbi na unga unaoingia matunduni, na haunyonyi unyevu kama silika. Yakiwa ni maji ya bahari, mkimbilie fundi siku hiyo hiyo, kwa sababu chumvi huanza kula chuma na shaba mapema.

Betri za lithiamu zisihifadhiwe zikiwa tupu. Kabla ya likizo ziache zikiwa na nusu ya moto, nje ya kamera. Kadi nayo isichomolewe taa ikimetameta, kwani picha bado zinaandikwa.

6. MPAKA WA BISIBISI

Sasa nifike pale nilipokosea zaidi. Nilimuuliza fundi kwa nini parafujo yangu ililika. Akanionyesha bisibisi mbili zinazofanana kwa macho. Kamera za Kijapani hutumia parafujo za msalaba za kipimo cha Kijapani, JIS, na bisibisi ya kawaida ya msalaba haiingii sawasawa. Unapozungusha, inateleza na kula kichwa.

Kisha akanionyesha jambo lililonitia baridi. Ndani ya kamera yenye flashi mna kapasita, kifaa cha kuweka akiba ya umeme. Umeme wake hufika volti 300 hivi, na hukaa humo hata baada ya betri kutolewa. Anayefungua bila kujua anaweza kupigwa vibaya. Usiku ule nilianza na lenzi. Kama ningeanza na kamera yenyewe, huenda makala haya yangeandikwa na mtu mwingine.

Kwa hivyo mpaka wetu ni huu: kupuliza, kupangusa, kukausha na kuhifadhi ni kazi yetu. Chochote kinachohitaji bisibisi ni cha fundi.

MWISHO WA KISA

Fundi aliifungua lenzi, akasafisha vioo kimoja kimoja, akairudisha. Kazi ile ilitugharimu shilingi 3,500. Pesa hizo zilitokana na mauzo ya jarida, na zilikuwa zimetengwa kununua kamusi mbili za chama. Wenzangu wa kidato cha kwanza walikaa muhula mzima wakigombania kamusi moja iliyokatika jalada. Hakuna aliyenisema, lakini kila nilipoiona kamusi ile nilijua deni ni la nani.

Isitoshe, kovu moja limebaki. Ukipiga picha ukielekea jua, upande wa kushoto hutokea weupe. Ndiyo sababu mtaniona nikizunguka zunguka kutafuta kivuli kabla ya kupiga. Picha ya Mzee wetu wa jikoni nayo tuliichapa vile vile ilivyo tukamtumia. Alituma salamu za shukrani, akasema ametoka vizuri. Mimi najua hakutoka vizuri.

Leo kabatini kuna sanduku la plastiki, silika, pampu, na daftari la kutia sahihi. Kila anayechukua kamera aielekeze lenzi kwenye taa na kuitazama, kabla na baada. Ni kazi ya nusu dakika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ukuta nimeshaujenga, nanyi mzibe ufa.

MSAMIATI

Kihisi: bamba linalopokea mwanga ndani ya kamera ya dijitali.
Shata: kilango kinachofunguka na kufunga ili kupitisha mwanga.
Kuvu: viumbe vinavyoota penye unyevu, pia ukungu.
Parafujo: msumari wenye hesi, unaokazwa kwa bisibisi.
Kapasita: kifaa cha kuweka akiba ya umeme.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini tunapuliza kabla ya kufuta?
2. Doa likionekana juu kulia katika kila picha, utalitafuta wapi: juu au chini ya kihisi? Eleza sababu.
3. Taja makosa matatu aliyoyafanya mwandishi kabla ya kumwona Mwalimu. Lipi lingekuwa la hatari zaidi kwa maisha yake kama angeendelea?
4. Tunga sentensi mbili ukitumia neno "ukungu" kwa maana mbili tofauti.