Mkihamia Mji Mgeni, Ujueni Pamoja



Kazi huhamisha watu. Mwalimu hupelekwa shule nyingine, askari hupelekwa kituo kingine, karani wa benki huambiwa aripoti Mombasa tarehe mosi. Familia hufunga vyombo, hulipa lori, hulipa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana ya nyumba, na mfuko hubaki mtupu. Kisha hufuata jambo ambalo wengi hawakulitazamia: mapenzi huanza kupoa katika nyumba mpya.

Mwenye kazi hupata wenzake siku ya kwanza. Humwonyesha pa kula na pa kunywa, na baada ya mwezi mmoja anaujua mji. Yule aliyeandamana naye, awe mke au mume, anajua duka la jirani na njia ya kwenda stegi ya matatu. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, lakini katika nyumba hii kuku mweupe amebaki mmoja tu. Hapo manung'uniko huanza: "Wewe una mji wako, mimi nina kuta hizi." Jibu nalo hutoka upesi: "Pesa za kutembea ziko wapi?"

Somo letu linahusu jibu hilo. Je, ni kweli kwamba mume na mke hawawezi kutembea pamoja bila pesa nyingi? Tutaitumia Mombasa kama mfano, kwa sababu familia nyingi za bara huhamia huko. Aliyehamia Kisumu au Nakuru atafute mambo ya namna hiyo hiyo mjini kwake.

1. Kubalianeni siku na kiasi

Kaeni pamoja mpange. Chagueni alasiri moja kila juma. Kama kazi ni ya zamu, siku yaweza kubadilishwa, lakini isifutwe. Halafu tajeni kiasi mnachoweza, hata kama ni shilingi 500. Kwa majuma manne hizo ni shilingi 2,000, na mara nyingi mtu mmoja huzimaliza jioni moja tu akiwa na marafiki.

Pesa hizo zishikwe na yule asiye na mshahara. Hivyo hatajiona ombaomba katika matembezi yake mwenyewe. Pia mpokezane kuchagua mahali: juma hili mke, juma lijalo mume. Anayechagua ndiye anayeuliza njia na nauli mapema.

2. Mahali pasipo na kiingilio

Kivuko cha Likoni. Wanaotembea kwa miguu huvuka bure. Vukeni mchana, wakati watu si wengi, mtazame meli zikiingia bandari ya Kilindini, kisha mrudi. Epukeni saa za asubuhi na jioni, wafanyakazi wanapokimbilia kivuko, hasa mkiwa na watoto.

Mama Ngina. Barabara hii ya ufukweni ilikarabatiwa mwaka 2019. Kuna mibuyu mikubwa, upepo wa bahari na mahali pa kuketi. Meli kubwa hupita karibu hata mtoto huweza kusoma majina yake. Hakuna anayewauliza mmenunua nini.

Mji wa Kale. Tembeeni vichochoro vyake kwa miguu, mwone milango ya nakshi, roshani za mbao na bandari ya zamani ya majahazi. Vaeni nguo za heshima, salimieni wenyeji, na msimpige mtu picha bila kumwomba ruhusa. Mkitoka huko piteni Marikiti. Kunusa iliki, karafuu na mdalasini hakulipishwi.

Ufuo wa Jomo Kenyatta, Bamburi, ambao wengi huuita Pirates. Ni ufuo wa umma. Ulizeni kwanza saa za maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja hivi, na saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Kwa hiyo mliyoyakuta Jumapili iliyopita hamtayakuta Jumapili hii saa ile ile. Maji yakipwa, tembeeni mchangani. Yakijaa, shikeni watoto mkono.

Kengeleni, ng'ambo ya daraja la Nyali. Jina hilo limetokana na kengele ya Freretown, makao ya watumwa walioachiwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870. Waelezeni watoto kwamba watu waliowahi kuuzwa walianza maisha upya hapo, katika mji wasioujua.

3. Mambo ya bei nafuu

Mara moja kwa miezi kadhaa, wekeni akiba muingie Fort Jesus. Raia wa Kenya hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni kutoka nje, basi chukueni vitambulisho. Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi walipoitwaa mwaka 1698. Waingereza waliifanya gereza, ikaendelea hivyo hadi 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho. Tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Kwa chakula, msiende hotelini. Mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, viazi karai, au dafu moja la kugawana, vyatosha. Nyumbani, mke na mume wajifunze pamoja kupika mahamri na mbaazi kwa kumwuliza jirani. Chakula cha mwenyeji hufungua mlango wa mwenyeji.

4. Watu pia ni mji

Nendeni Misa pamoja tangu Jumapili ya kwanza, iwe parokiani kwenu au Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu katika barabara ya Nkrumah, na muulize jumuiya ndogo ndogo ya mtaa wenu hukutana wapi. Hapo mtapata wa kuwaelekeza kwa daktari na fundi mwaminifu. Lakini msijifungie humo. Jirani Mwislamu akiwaletea futari, pokeeni kwa shukrani, na siku ya Krismasi sahani yake isirudi tupu.

5. Mambo yanayoharibu matembezi

Kuna wanaotoka pamoja na kurudi wakiwa wamekasirika. Sababu ni chache na zajulikana. Mmoja anaongea na simu njia nzima. Mmoja anahesabu kila shilingi kwa sauti. Mmoja analinganisha: "Kwetu hakuna joto hili." Au mume anamwalika mfanyakazi mwenzake, na mke anageuka kuwa msikilizaji wa habari za ofisini.

Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwakumbusha wenye ndoa kwamba upendo huhitaji muda wa kuwa pamoja bila haraka. Basi mkiketi chini ya mbuyu, mwulize mwenzako, "Ni kitu gani umekikosa zaidi tangu tuhame?" Usikimbilie kumjibu. Huenda atataja mama yake, kazi aliyoiacha, au shamba lake la mboga. Huwezi kumrudishia vitu hivyo vyote. Lakini aliyeacha vitu kwa ajili yako anastahili kujua kwamba umeviona.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani

1. Tangu tuhamie hapa, ni nani kati yetu anayeujua mji zaidi, na kwa nini?
2. Pesa za mapumziko kwa sasa hutumiwa na nani, na mwenzake anajua kiasi chake?
3. Tutaje mahali patatu pa bure tunapoweza kufika kwa miguu au kwa matatu moja tu.
4. Mwezi huu, tutatoka siku gani, na nani ataanza kuchagua?